Binti yangu anataka kuwa msanii wa magemu na uhuishaji: aanzie wapi akiwa Pemba?

BabaWete

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba.

Mimi ni mzazi na mkaazi wa Wete, muuza vifaa vya ujenzi, na kompyuta naijua kwa kadiri ya kuandikia risiti. Binti yangu wa pili amemaliza kidato cha sita na matokeo yake yanamruhusu kuendelea na chuo kikuu. Nyumbani tulikuwa tumeshajipanga kwa ualimu au uhasibu, lakini nilipomwita tuzungumze aliniambia, kwa adabu na bila ya kutetereka, kuwa anachotaka yeye ni kusomea uchoraji na uhuishaji wa wahusika wa magemu ya kompyuta, na kwamba jambo hili amelifikiria tangu kidato cha pili.

Mkono anao, hilo sibishani nalo. Tangu mdogo alikuwa akichora nyuma ya vitabu vyangu vya risiti, na msimu uliopita tulipokwenda kuangalia mchezo wa ng'ombe alirudi akachora dume lililogeuka ghafla kumfuata mchezaji: shingo imeinama, bega la kushoto limezama, ukwato mmoja wa mbele umechimba udongo, na mkia bado umebaki upande mwengine kana kwamba haujapata habari. Mimi nimekulia katika michezo hiyo na sikuwahi kuutazama mkia. Kipaji hakinitii wasiwasi. Njia ndiyo siijui.

Kuna kituo kimoja mjini kimetutaka tulipe shilingi laki tisa kwa mafunzo ya miezi mitatu, kwa ahadi kuwa atatoka hapo akiwa mtaalamu kamili. Nina hofu, kwa sababu miaka miwili iliyopita nilimlipia mpwa wangu ada ya mafunzo ya aina hiyo mahali pengine, na aliporudi alikuwa anavijua vitufe vya programu lakini hawezi kutengeneza kitu chake mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho. Naomba mwenye ujuzi anieleze: je, hii ni kazi ambayo mtu anaweza kuishi nayo akiwa visiwani? Ni lazima asome shahada? Anunuliwe kompyuta ya namna gani? Na jambo la mwisho, baba yangu mzazi, ambaye ndiye mkubwa wa nyumba, ameuliza kuhusu kuchora viumbe wenye roho, na sikuwa na jawabu la kumpa.

Mhuishaji_Jangombe

Wa alaykum salaam, mzee wangu. Nimeifanya kazi hii kwa miaka minane, nikiwa hapa hapa Unguja, na sehemu kubwa ya riziki yangu inatokana na mikataba ya magemu ya nje. Nitajibu yale ninayoyajua kwa mikono yangu.

Kwanza naomba tutenganishe kazi mbili ambazo watu huzitaja kwa pamoja. Msanii wa gemu ndiye anayetengeneza kile kinachoonekana: huchora wazo la mhusika, hulijenga umbo lake kwenye kompyuta, hulipaka rangi na kulivisha. Mhuishaji hulipokea umbo hilo likiwa limesimama wima kama sanamu, mikono imenyooshwa pembeni, na kazi yake ni kulitia mwendo. Baina yao yupo fundi anayeliwekea umbo mifupa ya ndani na kuamua kila sehemu ya ngozi ifuate mfupa upi, na kazi yake ikiwa mbovu, kiwiko kikikunjwa hubonyea kama mpira wa kumwagilia maji. Katika kampuni kubwa kila kazi kati ya hizi ina mtu wake, na katika kampuni ndogo mtu mmoja huzifanya zote. Binti asilazimishwe kuchagua sasa hivi. Ajaribu zote kwa mwaka mmoja, na mwenyewe ataona ni ipi inayomfanya asahau chakula. Kwa huo mkia wa ng'ombe ulioueleza, mimi nabashiri atakuwa mhuishaji, kwa sababu mkia kuchelewa nyuma ya mwili ni mojawapo ya kanuni 12 za uhuishaji ambazo Frank Thomas na Ollie Johnston, waliokuwa wahuishaji wa Disney, waliziandika mwaka 1981, na yeye ameiona kwa macho yake bila ya kufundishwa na mtu.

Nitaeleza namna nilivyojifunza mimi, kwa sababu ndiyo hoja yangu yote. Mwaka wangu wa kwanza nilijipa kazi ya kumhuisha hamali anayesukuma mkokoteni uliojaa viroba. Nilihangaika naye wiki mbili kwenye kompyuta, na kila niliyemwonesha aliniambia kuwa yule hamali anaelea. Sikuona kosa liko wapi. Mwisho nilikwenda sokoni Darajani asubuhi, nikakaa ukingoni kwa muda wa saa mbili, nikamrekodi hamali mmoja kwa idhini yake, kisha nyumbani nikaipitia video ile picha moja baada ya moja. Nikaona kuwa mkokoteni hauanzi kwenda pale mikono inaposukuma. Kwanza kisigino cha mguu wa nyuma kinanyanyuka, goti linanyooka, nyonga inasogea mbele, mgongo unakaza, na baada ya hayo yote ndipo magurudumu yanapozunguka. Mimi nilikuwa nimeanzia mikononi. Nilipoanza upya kutoka kwenye nyayo, na nikahakikisha kuwa unyayo uliokanyaga hausogei hata kidogo mpaka unaponyanyuliwa, hamali wangu alipata uzito kwa siku moja tu. Hakuna programu iliyonifundisha hilo.

Kwa hiyo, kuhusu miezi mitatu: inatosha kuizoea programu, na haitoshi kuijua kazi. Kabla hamjalipa hata shilingi moja, mwombeni mwenye kituo awaoneshe kazi za wanafunzi waliomaliza kwake, zile walizozifanya wenyewe na si zile walizofuatisha hatua kwa hatua, na muulize kama kila wiki mwalimu huketi na mwanafunzi akamwambia kosa lake liko wapi. Ada hulipiwa hayo. Vitufe binti atavifahamu bure nyumbani. Blender, ambayo inajenga maumbo na kuyahuisha, haina malipo na imekuwa huru tangu mwaka 2002. Krita ni ya kuchorea na nayo ni bure. Na Godot, ambayo ndiyo injini ya kuliunganisha gemu lenyewe, ilifunguliwa kwa watu wote mwaka 2014 na haidai chochote hata gemu likiuzwa. Kampuni nyingi kubwa hutumia programu iitwayo Maya, ambayo ni ghali, lakini wenyewe huwapa wanafunzi leseni ya bure, na aliyekwisha kuijua Blender vizuri hahangaiki sana kuhamia huko.

Jambo moja zaidi, na hili wanafunzi wengi hulikosa. Uhuishaji wa gemu si sawa na wa filamu. Filamu huonesha picha 24 kwa sekunde, na mtazamaji huona kile tu alichopangiwa. Gemu kwa kawaida huchora picha 30 au 60 kwa sekunde, na anayeamua kitakachotokea ni mchezaji. Katika filamu mhusika anaweza kuchukua nusu sekunde kujikunja kabla ya kuruka, na tukampenda kwa hilo. Katika gemu, mchezaji akibonyeza kitufe na mhusika akachelewa nusu sekunde, ataliona gemu ni zito na ataliacha. Mhuishaji wa gemu huutafuta uzito katika kutua, kwa kuwa katika kuanza hana nafasi. Tena mwendo wa kutembea lazima mwisho wake uungane na mwanzo wake bila ya mshono kuonekana, kwani utarudiwa mara maelfu, na pia uonekane sawa ukitazamwa kutoka nyuma, ubavuni na juu, kwa sababu mchezaji anaizungusha kamera apendavyo. Akijenga mazoea hayo mapema, kazi zake zitatofautishwa mara moja na za wanaojifunza katuni peke yake.

Na huyo ng'ombe asimwache. Mwaka 1878 mpigapicha Eadweard Muybridge alipanga kamera kandoni mwa njia ya farasi huko California, akathibitisha kuwa farasi akikimbia kuna wakati kwato zote nne huwa zimeacha ardhi, jambo ambalo wachoraji wengi wa kabla yake walilikosea. Picha zake za mwendo wa wanyama na watu zinapatikana bure katika intaneti, na mpaka leo sisi tunazifungua kila tunapokwama.

Mlango_wa_Shangani

Baba yangu, mimi ni mwanamke na kazi yangu ni upande wa mazingira na vifaa, yaani majumba, milango, vyombo, miti na kila ambacho mhusika anakipita au anakishika. Ninakubaliana na Mhuishaji isipokuwa pale alipobashiri kuwa binti atakwenda upande wake, tumwachie mwenyewe.

Nilianza na mlango wa Mji Mkongwe, kwa sababu nilikuwa naupita kila siku nikienda skuli. Niliupima kwa utepe, nikaupiga picha kila upande jua likiwa limefunikwa na mawingu ili kivuli kisiniharibie rangi, kisha nikaujenga wote kwa uaminifu: mfaa wa katikati wenye nakshi, kizingiti cha juu, mnyororo uliochongwa pembeni, na misumari mikubwa ya shaba. Kila msumari niliujenga kwa pembetatu 2,000 hivi, yaani vile vipande vidogo vya pembe tatu ambavyo maumbo ya gemu huundwa kwavyo, kwa sababu nilitaka uwe mviringo kwelikweli. Misumari ilikuwa 60. Nilipouingiza mlango ule ndani ya gemu la simu, simu ilishikwa na kigugumizi, na mimi nililia, kwani ilikuwa kazi ya mwezi mzima. Misumari peke yake ilikuwa pembetatu 120,000, na hapo hatujagusa ukuta, baraza wala mtaa.

Nilichokuwa sikijui ndicho kiini cha usanii wa gemu. Umbo hujengwa mara mbili: moja zito lenye kila nakshi, na jengine jepesi lenye mkato wa nje tu. Kisha kompyuta huzisoma nakshi za lile zito na kuzihifadhi kama picha, ambayo ikivishwa juu ya lile jepesi huuelekeza mwanga uanguke kana kwamba nakshi zipo. Ili picha ikae vizuri, umbo lazima lifumuliwe kwanza na kulazwa bapa, kama fundi cherehani anavyoifumua kanzu apate kuviona vipande vyake, na mshono uwekwe mahali ambapo jicho halifiki. Mlango wangu wa pili ulikuwa na pembetatu zisizofika 4,000, na watu waliouona hawakuamini kuwa ni mwepesi kuliko wa kwanza. Binti akilielewa jambo hili katika miezi yake ya mwanzo, atakuwa amejiokolea machozi mengi.

Kuhusu suali la babu, hukumu ya dini muulizeni sheikh mnayemwamini, kwani mimi sina elimu ya kutoa fatwa. Ninachoweza kusema ni kuwa fani hii ina nafasi nyingi ambazo mtu hachori kiumbe hata kimoja mwaka mzima. Kuna wanaojenga majengo na vyombo kama mimi, kuna wanaopanga mwanga, kuna wanaotengeneza moto, moshi, mvua na mawimbi, na kuna wanaobuni vitufe na maandishi ya gemu. Hizi ni kazi kamili zenye heshima yake na malipo yake. Babu akishauona mlango au jahazi likitweka tanga ndani ya kompyuta, huenda akawa na masuali tofauti na aliyonayo sasa. Wangu mimi ndiye aliyenisahihishia mahali pa foromali, ule mti wa kufungia tanga.

Kompyuta: kumbukumbu ya RAM ya gigabaiti 8 ndiyo ya chini kabisa kwa Blender, na 16 ndiyo ya kufanyia kazi bila ya kero. Hakikisheni ina kadi ya grafiki yake yenyewe, yaani kile kipande kinachochora picha za kwenye kioo. Kwa fedha zile zile, kompyuta ya mezani iliyotumika huwa na nguvu kuliko laptopu mpya, na ikiharibika hutengenezwa kipande kwa kipande. Lakini msiinunue bila ya kifaa cha kuhifadhi umeme, kwa sababu mimi umeme ulikatika nikapoteza kazi ya siku mbili ambayo sikuwa nimeihifadhi. Tableti ndogo ya kuchorea, ile isiyo na kioo, inatosha kwa miaka mingi.

MaalimWaChake

Bwana BabaWete, nakupongeza kwanza kwa kumsikiliza binti. Mimi ni mwalimu wa kompyuta wa skuli ya sekondari, na nitasema kuhusu masomo na ajira, maana hapo ndipo ninapokutana na wazazi.

Ni kweli kuwa kampuni za magemu hutazama kazi za mtu kabla ya vyeti vyake. Hata hivyo nisingekushauri binti aliyefaulu kidato cha sita aiache nafasi ya chuo. Mikopo ya elimu ya juu hutolewa kwa wanaosoma chuo, na akitaka siku moja kwenda kufanya kazi nchi nyengine, nchi nyingi huitazama shahada zinapotoa kibali. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kina masomo ya kompyuta, na binti anaweza kuyasoma huku akijenga kazi zake jioni. Msanii anayefahamu kuandika programu kidogo ni adimu, na katika fani hii ana jina lake: msanii wa kiufundi, ambaye huwaunganisha wachoraji na waandishi wa programu. Hesabu za vekta na pembe walizozichukia wengi darasani ndizo zinazozungusha kila kiungo cha mhusika. Mkiona chuo kikuu ni kirefu mno, ulizeni pia mafunzo ya amali yanatoa nini kwa sasa. Kituo cha Vitongoji, huko huko Pemba, kiko karibu nanyi zaidi kuliko cha Mwanakwerekwe, Unguja. Kwa mwenye uwezo wa kumpeleka mtoto nje ya visiwa, Nairobi kuna vyuo vinavyofundisha uhuishaji moja kwa moja, kikiwemo Africa Digital Media Institute. Na bila ya kusafiri wala kulipa, kampuni ya uhuishaji ya Triggerfish ya Afrika Kusini ina masomo ya uhuishaji ya bure katika intaneti.

Kuhusu kuishi na kazi hii, nitasema ukweli wa pande zote. Dar es Salaam, Ubongo wamekuwa wakitengeneza katuni za watoto kwa Kiswahili na kuzirusha tangu mwaka 2014. Kiro'o Games ya Yaoundé, Kameruni, walitoa gemu lao kubwa mwaka 2016, likiwa limejengwa juu ya hadithi za Kiafrika. Kwa hiyo jambo linawezekana katika bara letu. Lakini mwaka 2023 na 2024 kampuni kubwa za magemu za Marekani na Ulaya zilipunguza maelfu ya wafanyakazi, wakiwemo wasanii wenye uzoefu mkubwa, na binti ataingia katika soko ambalo watu hao nao wanatafuta kazi. Ndiyo maana namtakia ujuzi wa pili. Uhuishaji huo huo unahitajika katika matangazo, katika vitabu vya kidijitali vya watoto na katika michoro ya majengo ya hoteli kabla hayajajengwa, na kazi hizo ziko hapa Zanzibar.

Na akipata kazi ya kwanza, hata iwe ya shilingi elfu hamsini, asiianze bila ya maandishi yanayosema analipwa kiasi gani, lini, na mchoro utakuwa mali ya nani.

BabaWete

Nimeyasoma yote mara mbili, na mara ya pili nilimsomea mama yake na babu. Mwenyezi Mungu akulipeni kheri.

Kituo cha miezi mitatu nilikipigia simu nikaomba kuziona kazi za wanafunzi, nikaambiwa nilipe kwanza. Nimeacha. Tumekubaliana aombe nafasi ya masomo ya kompyuta chuo kikuu, na fedha ile ya ada iingie katika kompyuta ya mezani na hicho kifaa cha umeme. Babu amesema atamuuliza sheikh baada ya Ijumaa, na kwa sasa anataka aoneshwe jahazi.

Kompyuta haitafika kabla ya miezi miwili. Je, kuna anachoweza kukianza kwa simu na daftari, au asubiri? Na ile kazi ya kwanza ya kuwaonesha watu iwe kubwa kiasi gani?

Mhuishaji_Jangombe

Asisubiri, mzee wangu. Simu nyingi hurekodi picha 60 kwa sekunde. Aiweke hivyo, aisimamishe juu ya kitu ambacho hakitikisiki, na arekodi mambo madogo ya nyumbani: mama akichota maji kisimani, mtoto akishuka ngazi, mtu akizigeuza karafuu kwenye jamvi kwa mguu, tanga likishika upepo. Kisha aisogeze video picha moja moja na achore katika daftari zile nne au tano tu ambazo mwendo unabadilika, na kando ya kila mchoro aandike ni picha ya ngapi. Hizo namba ndizo atakazozitia kwenye Blender siku kompyuta itakapofika, na hapo hataanza na ukurasa mtupu.

Kazi ya kwanza iwe ndogo kabisa. Mpira wa kudunda, kisha mpira wenye mkia, kisha miguu miwili inayotembea isiyo na kiwiliwili. Video yote isizidi dakika moja, na kilicho bora kuliko vyote kitangulie, kwani anayeajiri hutazama sekunde kumi za mwanzo. Akishakuwa na hizo, aandike hapa hapa na aziweke bila ya muziki, ili tuuone mwendo wenyewe.

Mlango_wa_Shangani

Na jahazi la babu, baba yangu, aanze kwa kulipima kwa utepe pale bandarini Wete. Urefu, upana, unene wa mlingoti chini na juu. Akikosa kipimo amuulize nahodha, asikisie.